Maji Yakipata Joto, Mwache Trauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wavuvi wa mshipi kila majira ya joto yanapoingia, hasa wale wanaomvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa burudani na kumrudisha mtoni. Nyuzi zote za joto hapa ni za Selsiasi, isipokuwa pale nilipotaja Farenhaiti kwa kuwa sheria ya mahali imeandikwa hivyo.

Samaki wote ninaowanasa huwarudisha majini. Kwa nini basi niache kuvua?

Kwa sababu joto likizidi, baadhi yao watakufa baada ya wewe kuondoka, na kadiri linavyopanda ndivyo idadi hiyo inavyokua.

Trauti aliyenaswa hupambana kwa misuli myeupe ya ubavuni. Misuli hii ina nguvu nyingi za muda mfupi, nayo hufanya kazi bila kungoja oksijeni: inachoma akiba ya sukari iliyomo ndani yake, na asidi inajaa mwilini. Ndoano ikishatolewa, samaki anabaki na deni. Lazima apumue kwa bidii, asafishe damu na kujaza akiba upya, kazi inayoweza kumchukua saa nyingi. Maji yakiwa na nyuzi 12, deni hilo hulipika. Yakiwa na nyuzi 22, matamvua yake tayari yanafanya kazi karibu na ukomo wake hata kabla hajaiona ndoano yako, kwa hiyo nafasi ya kulipa ni ndogo mno.

Ndiyo maana ushauri mzuri wa jinsi ya kumshika samaki hautoshi wakati huu. Madhara makubwa yamekwisha kufanyika wakati uzi umekaza, kabla mkono wako haujamgusa.

Inasemekana maji ya moto hayana oksijeni. Ni kweli?

Nusu yake ni kweli. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji yenye joto. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 yaliyoshiba oksijeni huwa na takriban miligramu 11.3 katika kila lita. Ya nyuzi 20 huwa na 9.1; ya nyuzi 25, 8.3. Mto ukiwa mlimani, mita 2,000 juu ya bahari, punguza kama moja ya tano kutoka kila tarakimu, kwa sababu hewa yenyewe huko ni nyepesi.

Ukizitazama tarakimu hizo utaona kwamba oksijeni imepungua, lakini haijaisha. Kinachomuumiza trauti zaidi ni upande wa pili wa hesabu. Joto la mwili wake ni lilelile la maji, na maji yakipanda kwa nyuzi 10, mahitaji yake ya oksijeni huongezeka karibu mara mbili hata akiwa ametulia nyuma ya jiwe. Mapato yanapungua kidogo huku matumizi yakiruka. Kumvuta kwa uzi wakati huo ni kama kumkimbiza mtu mlimani akiwa amefungwa kitambaa puani na mdomoni.

Mito inayokwenda polepole na kujaa majani ina tatizo jingine. Mchana mimea hutoa oksijeni, usiku huitumia. Alfajiri maji huwa ya baridi kuliko saa nyingine zote, na wakati huohuo oksijeni iko chini kuliko saa nyingine zote. Mto wa aina hiyo ukishapata joto kwa wiki nzima, usiuamini hata asubuhi.

Kikomo ni nyuzi ngapi?

Nyuzi 20. Maji yakifika hapo, kunja uzi.

Kati ya nyuzi 10 na 16 trauti anastarehe: anakula, anakua, na akinaswa anapona. Kuanzia 18 anaanza kuelemewa. Akipita 20 kila pambano ni hatari kwake. Yakifika 23 hadi 25 na kubaki hapo kwa siku kadhaa, baadhi huanza kufa hata bila kuguswa na mtu.

Ushauri wangu ni mkali kidogo kuliko huo: kipimajoto kikionyesha 18 asubuhi na anga ni jeupe, usianze kabisa. Kufikia adhuhuri utakuwa kwenye 20, na mvuvi aliyekwisha kuvaa buti na kuingia mtoni ni nadra kutoka kwa sababu ya nyuzi mbili.

Je, trauti wote wana kikomo kimoja?

Hapana. Trauti wa kahawia (Salmo trutta) na trauti wa upinde wa mvua (Oncorhynchus mykiss) ndio wavumilivu zaidi, na nyuzi 20 zimewekwa hasa kwa ajili yao. Trauti wa vijito (Salvelinus fontinalis) na yule mwenye mistari myekundu chini ya taya (Oncorhynchus clarkii) wanataka maji baridi zaidi. Kwao 18 inatosha kuwa mwisho. Salvelinus confluentus, wa milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, ni mgumu kuridhika kuliko wote hao: maji yakizidi nyuzi 15 tayari anatafuta pa kukimbilia.

Wapo pia walio kinyume. Katika majangwa ya Oregon na Idaho kuna trauti wa upinde wa mvua wa asili ambao vizazi vyao vimezoea vijito vinavyopata joto kali mchana. Usichukue uvumilivu wao ukaupeleka kwenye mto wako.

Mbona bado wanakula chambo? Samaki mgonjwa si hali?

Huyu anakula kwa sababu joto limeongeza matumizi ya mwili wake na anahitaji chakula. Maji yakizidi sana kweli huacha kula, lakini kati ya 19 na 22 unaweza kupata asubuhi nzuri sana ya uvuvi. Kuuma kwa samaki hakukuambii lolote kuhusu uwezo wake wa kupona.

Nilimwachia akaogelea vizuri, tena kwa kasi. Huyo si amepona?

Hili ndilo swali linaloleta ubishi kuliko yote, na ninaelewa kwa nini: macho yameona samaki akienda zake.

Kuondoka kwa kasi ni hofu. Samaki hutumia kilichobaki kufika mahali pa kujificha, kisha deni tulilolitaja humfikia akiwa huko. Kifo huja baada ya saa kadhaa, wakati mwingine siku inayofuata. Wengi waliokufa hawaelei. Huzama kati ya mawe, wakaliwa na kamba wa mtoni, au wakachukuliwa na ndege na wanyama wa ukingoni. Ukirudi kesho hukuti mzoga hata mmoja, unajiambia kwamba mambo yako sawa.

Mwaka 1992 watafiti Ferguson na Tufts walichapisha matokeo ya jaribio lao juu ya trauti wa upinde wa mvua waliokimbizwa hadi wakaishiwa nguvu. Ndani ya saa 12, kati ya waliobaki majini muda wote walikufa asilimia 12. Waliotolewa hewani kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38. Waliotolewa kwa sekunde 60 walikufa asilimia 72. Samaki hao walichoshwa hadi mwisho kabisa, kwa hiyo usiseme kwamba kila trauti anayepigwa picha anakabiliwa na asilimia hizo. Lakini hakuna aliyekufa kwa kuchomwa na ndoano. Waliuawa na uchovu, na hewa ikazidisha vifo.

Nipime joto la maji vipi?

Kipimajoto chochote cha maji kinafaa, hata cha bei ya chini, mradi kisome sawasawa. Kifunge kwa kamba. Kitie kwenye maji yanayotembea, chini ya uso kiasi cha urefu wa mkono hadi kiwiko, mahali penye kivuli au ukikikinga jua kwa mwili wako, na ukiache dakika mbili. Usisomee hewani baada ya kukitoa na kukizungusha huku na huku. Upepo na maji yanayokauka juu yake hubadilisha usomaji haraka.

Mahali pa kupimia ndipo watu hujidanganya. Ukingoni kwenye maji ya kina kifupi utapata joto kupita lile la mto. Kwenye mdomo wa kijito au juu ya chemchemi utapata baridi isiyo ya mto mzima. Pima katikati ya mkondo, na upime tena kila baada ya saa moja au mbili, kwa kuwa siku ya jua kali mto mdogo unaweza kupanda nyuzi kadhaa kati ya asubuhi na alasiri.

Vile vipimajoto vya kulenga kwa mbali kama bastola husoma ngozi ya juu ya maji tu. Viache jikoni.

Nchini Marekani, Shirika la Jiolojia, USGS, lina vituo vingi vya kupimia mito vinavyoonyesha joto la maji kwenye intaneti karibu saa hiyohiyo. Mahali penye huduma kama hiyo, angalia kabla ya kutoka nyumbani. Usitazame tarakimu ya sasa pekee. Tazama mchoro wa siku tatu au nne zilizopita, uone kilele cha jioni kimefika wapi na usiku maji yameshuka hadi wapi.

Kwa nini usiku una maana kubwa hivyo?

Usiku ndio muda wa trauti kupumzika. Mto unaofika 21 alasiri kisha ukashuka hadi 13 kabla ya mapambazuko unawapa samaki saa nyingi za nafuu. Mto unaofika 21 na kushuka hadi 19 tu hauwapi chochote, na siku ya tatu au ya nne samaki wa mto huo wamechoka bila mtu yeyote kuwagusa. Ukilazimika kuchagua tarakimu moja ya kuangalia, angalia ya alfajiri.

Basi nitavua jioni, jua likishatua.

Usifanye hivyo. Hewa hupoa haraka, maji hayapoi haraka. Mito mingi hufika kilele cha joto kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, na saa 2 usiku maji yanaweza bado kuwa na joto kuliko yalivyokuwa saa 5 asubuhi. Ubaridi unaouhisi shingoni ni wa upepo.

Siku za joto, muda salama kama upo ni kuanzia mapambazuko hadi saa 4 au 5 asubuhi.

Serikali haijafunga mto. Si maana yake ni salama?

Maana yake ni halali.

Chukua mfano wa Montana, Marekani, jimbo linalojulikana sana kwa makatazo haya. Idara yake ya samaki na wanyamapori huweza kufunga uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku kwenye mto ambao joto lake la juu limefika nyuzi 73 za Farenhaiti, yaani karibu 22.8 za Selsiasi, siku 3 mfululizo. Wavuvi wa huko huyahusisha makatazo hayo na bundi, kwa sababu wakata magogo wa zamani walianza kazi alfajiri ya kiangazi, bundi wakiwa bado wanalia, ili wamalize kabla ya jua kali.

Hesabu mwenyewe. Kufikia siku mto unapofungwa, trauti wameshapita nyuzi 20 kwa muda mrefu. Siilaumu idara. Anayewazuia maelfu ya watu, wakiwemo wanaoishi kwa kazi ya kuongoza wavuvi, lazima awe na vipimo vya kusimamia, na vipimo huchukua siku. Wewe unahitaji kipimajoto na dakika mbili.

Mahali pengine njia ni tofauti. Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, mwezi Julai mwaka 2021, ilifunga uvuvi kwenye mito na vijito vyake kuanzia saa 8 mchana hadi mapambazuko ya siku inayofuata. Colorado mara nyingi huanza kwa kuomba: wavuvi wanatakiwa waache kwa hiari kwenye sehemu fulani za mto, bila faini. Huko Kanada, kwenye mto Miramichi, vilindi vya maji baridi wanamojikusanya samoni hufungwa maji ya mto yakipata joto. Sheria hubadilika, tena wakati mwingine katikati ya wiki, kwa hiyo soma tangazo la mamlaka ya mto wako kabla ya kila safari.

Mvuvi mmoja atadhuru nini? Kinachowaua ni joto lenyewe, ukame, na watu wanaovuta maji ya mto.

Ni kweli kwamba mambo hayo ni makubwa kuliko ndoano yako. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua hupiga maji moja kwa moja. Theluji ikipungua milimani, maji ya kiangazi huwa machache na hupata joto upesi. Mashamba yakichota, kinachobaki ni kina kifupi juu ya mawe ya moto.

Mizigo hiyo humwelemea samaki yuleyule. Mwezi Agosti mwaka 2016 maelfu ya samaki walikufa katika mto Yellowstone huko Montana, wengi wao wakiwa samaki weupe wa milimani, ndugu wa trauti. Chanzo kilikuwa kimelea kinachoshambulia figo, Tetracapsuloides bryosalmonae, ambacho ugonjwa wake hukolea maji yakipata joto. Jimbo lilifunga maili 183 za mto, karibu kilomita 295, pamoja na vijito vyake. Lilifunga kwa wavuvi, kwa waendesha boti na kwa waogeleaji. Watu hawakuleta joto lile, ila kuwaondoa lilikuwa jambo pekee lililowezekana kufanyika siku hiyohiyo. Miti huchukua miaka kuota. Kuacha kuvua huanza sasa hivi.

Kuna jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Trauti wakubwa ndio huzidiwa mapema. Miili yao inahitaji oksijeni nyingi, hupambana kwa muda mrefu, na ndio wanaotaga mayai mengi. Mvuvi mmoja mwenye bahati kwa asubuhi moja mbaya anaweza kuwapata hao hasa.

Nimekuta trauti wengi wamejaa kwenye mdomo wa kijito. Ni nafasi nzuri?

Ni nafasi rahisi. Hapo wamekimbilia. Kijito kinachotoka kwenye kivuli, au chemchemi inayochipuka chini ya mchanga, kinaweza kuwa na baridi kuliko mto kwa nyuzi kadhaa, na samaki wa sehemu kubwa ya mto hukusanyika kwenye eneo dogo. Kipimajoto chako kitasoma 16 hapo na utadhani uko salama. Lakini samaki atakayenaswa atakimbilia katikati ya mto wenye 23, apigane huko, au aliyechoka asukumwe huko na mkondo. Hata wasionaswa hutawanyika kwa kishindo cha miguu yako na kutoka kwenye hifadhi yao.

Usivue, usivuke mto hapo, usimwache mbwa aoge hapo. Kwenye mto Firehole ndani ya Yellowstone, unaopashwa pia na chemchemi za moto za ardhini, trauti hufanya safari hii kila kiangazi na kujazana kwenye vijito baridi. Wanavyoonekana wakiwa wamepangana ubavu kwa ubavu, mtu asiyejua hudhani mto umebarikiwa.

Nikitumia vifaa vizito, nimvute haraka, nisimtoe majini?

Yote hayo ni mazuri na uyafanye siku zote: uzi wenye nguvu, ndoano moja iliyobanwa kijino chake, wavu wa mpira, mikono iliyoloweshwa ili usimtoe ute, na samaki abaki ndani ya maji unapomtoa ndoano. Kati ya nyuzi 16 na 19 hatua hizi zina faida kubwa. Juu ya 20 hupunguza vifo bila kuviondoa. Nina shaka na mtu anayezitaja kama kibali.

Picha usipige. Chambo hai nacho kiache, kwa maana samaki hukimeza ndani na ndoano hushika karibu na moyo na matamvua.

Je, nikiwaua na kuwala badala ya kuwaachia?

Swali zuri, na jibu langu huwaudhi baadhi ya wanaovua na kuachia. Mahali ambapo sheria inaruhusu, anayechukua samaki wawili asubuhi akaenda nyumbani anaweza kuwa ameua wachache kuliko aliyewaachia kumi na watano hadi saa 9 alasiri. Walau yeye anajua hesabu yake.

Masharti mawili. Usiwachukue kutoka kwenye hifadhi za baridi tulizozitaja, maana kule unavuna mto mzima kwa siku moja. Na usichukue trauti wa asili katika mto ambao idadi yake imeshuka, hata kama kitabu cha sheria bado kinaruhusu.

Na trauti wa kufugwa wanaomwagwa mtoni kwa ajili ya wavuvi?

Wakimwagwa kwenye mto ambao hauwezi kuwahifadhi kiangazi chote, wamewekwa wavuliwe na kuliwa. Sina ugomvi na hilo. Hakikisha tu kwamba mto huohuo hauna wa asili waliochanganyika nao, kwa sababu ndoano haichagui.

Mto wangu uko chini ya bwawa na maji yake ni baridi mwaka mzima.

Basi una bahati, huenda ukavua kiangazi chote. Bwawa linalotoa maji kutoka chini kabisa hupeleka mtoni maji ambayo jua halijayagusa. Lakini kadiri unavyoteremka ndivyo yanavyopata joto, kwa hiyo pima pale unapovua, usitegemee tarakimu ya ukutani mwa bwawa. Mabwawa mengine hutoa maji ya juu, na hayo hutoka yakiwa ya moto kuliko mto ulivyokuwa kabla haujazuiwa. Ukame nao hushusha ziwa la bwawa hadi maji baridi ya chini yanaisha.

Mito inayolishwa na chemchemi kubwa na vijito vya juu milimani navyo huweza kubaki chini ya 16. Ila wavuvi wote waliofukuzwa na joto bondeni watakuwa huko pia. Tawanyikeni, msiwachoshe samaki walewale kila siku.

Kwenye ziwa je? Kule hakuna mkondo.

Kiangazi, ziwa lenye kina hujigawa tabaka: maji ya moto juu, ya baridi chini, na kati yao tabaka ambalo joto hushuka ghafla. Trauti hukaa katika baridi hilo, huenda mita 8 au 15 chini. Ukimvuta juu unampitisha kwenye maji ya nyuzi 24 akiwa amechoka tayari, kisha unatarajia arudi chini kwa nguvu zake mwenyewe. Kipimajoto ulichochovya kando ya boti ndicho cha kufuata hapa: kikisoma zaidi ya 20, usivue kwa nia ya kuachia.

Mvua ikinyesha usiku, naweza kwenda asubuhi?

Inategemea mvua. Ya baridi na ndefu, yenye mawingu ya siku mbili, huokoa mto. Ya radi ya nusu saa inayoanguka juu ya lami na mawe yaliyochomwa na jua inaweza kuupandisha joto. Pima.

Nivue nini basi?

Samaki wanaopenda joto: besi, kambare, na kapu, yule mwenye magamba makubwa anayepatikana karibu kila bara. Kapu hula mchana kweupe kwenye maji ya nyuzi 25 na atakukatia uzi. Mvuvi wa trauti anayemdharau hajawahi kumnasa mkubwa kwa nzi bandia kwenye kina kifupi.

Safari hiyo isiwe kwenye mto wa trauti wenye joto ukidai unatafuta besi.

Nimemnasa trauti bila kukusudia, maji yana 22. Nifanye nini?

Mvute haraka bila kumchezea. Usimwinue. Kama ndoano imeshika ndani, kata uzi karibu na mdomo. Mwelekeze kichwa kwenye mkondo wa kawaida, mahali penye maji yanayovunjikavunjika juu ya mawe, umshike kwa wepesi chini ya tumbo mpaka aondoke mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma. Maji yakiingia matamvua kwa nyuma hayamsaidii. Kisha hamia mahali pengine, kwa maana penye mmoja huwa na wenzake.

Nimeshalipia mwongozaji na safari iko wiki ijayo.

Mpigie leo. Waongozaji wazuri huanza saa 11 alfajiri, humaliza kabla ya saa 6 mchana, na wana mto wa pili au samaki mwingine wa kukupeleka. Mwulize maji yalikuwa na nyuzi ngapi jana alasiri. Akikujibu bila kusita, uko na mtu anayefaa. Asipojua, au akisema samaki wamezoea, dai tarehe nyingine.

Nikimwona mtu anavua mto ukiwa na nyuzi 22, nimwambie?

Mwambie, kwa upole na ukiwa na kipimajoto mkononi. Wengi hawajawahi kupima. Ukimsalimu, ukamuuliza amepata nini, kisha ukamwonyesha tarakimu, mara nyingi ataanza kukunja uzi mwenyewe. Ukianza kwa kumhukumu atavua mpaka usiku makusudi. Kama mto umefungwa kisheria usibishane naye, piga simu kwa mamlaka.

Nianze tena lini?

Ngoja usiku kadhaa wa baridi upite, na siku mbili tatu ambazo kilele cha alasiri hakivuki 18. Siku moja ya nafuu haitoshi, samaki waliotoka kwenye joto la wiki nyingi wamekonda na bado wanajijenga. Mara nyingi mlango hufunguka mwishoni mwa Agosti au Septemba katika nchi za kaskazini, usiku unaporefuka.

Wakati huohuo trauti wa kahawia na wa vijito wanaanza kujiandaa kutaga. Ukiona kokoto zilizosafishwa zikang'aa, duara la rangi hafifu kwenye kina kifupi, hicho ni kiota. Zunguka kwa mbali, usikikanyage, na usiwavue waliosimama juu yake.